Mechi Aliyoigawa Mdogo Wangu

Kwenye chumba cha kuvalia cha klabu ya Yarraside kila mchezaji ana kabati lenye namba ya jezi yake. Juu ya mlango wa kabati wameandika kwa rangi ya dhahabu majina ya wote waliowahi kuvaa namba hiyo wakafikisha mechi mia. Kabati la thelathini na nne lina majina manne. Mmoja wa hao wanne alikuwa mlevi wa kuokotwa, mwingine alikuja kufungwa kwa kuwaibia wazee akiba zao. Mdogo wangu, Rohan Tregenza, alivaa namba hiyo miaka tisa na jina lake halimo. Alicheza mechi tisini na tisa. Mimi ndiye dada yake, na hasira yangu haijapoa, kwa hiyo anayetaka habari hii kwa upole atafute msimulizi mwingine.

Kwetu ni Warrabin, huko kwenye ngano, saa tano kwa gari kutoka Melbourne ukiwa na bahati ya kutokugonga kangaruu. Tuna ghala la nafaka, baa, kanisa lililofungwa na uwanja wa mpira. Jumamosi ya majira ya baridi hakuna anayekuuliza kama utakwenda uwanjani. Unaulizwa utabeba keki au utabeba viti. Babu alicheza pale, baba yetu mzee Clem alicheza pale mpaka nyonga ikamkatalia, na Rohan alianza kupiga mpira kabla hajajua kujifunga kamba za viatu. Aliupiga kwenye ukuta wa banda la kukatia manyoya ya kondoo, mchana kutwa, mpaka mama anatoka na mwiko.

Mpira wetu ni wa umbo la yai, mwekundu, unachezwa kwa mkono na kwa mguu. Anayeruka akaudaka hewani anaachiwa aupige bila bughudha, kwa hiyo watu hukanyagana migongo kuufuata huko juu. Rohan hakuwa mrukaji. Kipaji chake kilikuwa kukaa karibu na mtu. Ukimpa mtu wa kumkaba, alimganda mchana mzima, akamharibia siku, akamharibia na chakula cha jioni.

Alipokuwa na miaka kumi na saba, bwana mmoja mwenye kofia ya kijani alisimama peke yake nyuma ya nguzo za goli akila pai ya nyama. Mchezo ulipokwisha alimfuata baba.

"Mzee, kijana wako mwakani atakuwa na shughuli gani Jumamosi?"

"Atakuwa anapanda ngano na mimi," baba akajibu.

"Basi tafuta mtu mwingine wa kupanda naye."

Kofia ya kijani ni ya Yarraside, timu tunayoiita Korongo, na baba yetu aliishangilia timu hiyo tangu yuko mikononi mwa mama yake. Kila mwisho wa mwaka klabu za ligi kuu hupanga foleni na kuokota vijana kwa zamu. Kijana hachagui, anachaguliwa, hata kama anayemchagua yuko upande wa pili wa nchi. Mwaka ule Korongo walimchagua Rohan kwenye zamu za mwishomwisho, wakati redio ilikuwa imeshaanza kuchoka. Jina liliposomwa baba alitoka nje akajifanya anakagua matangi ya maji. Alikagua matangi mpaka macho yakamkauka.

Watu husikia "mchezaji wa ligi kuu" wakafikiria magari na picha magazetini. Rohan hakuwa huyo. Kazi yake ilikuwa beki wa kumzima nyota wa upande wa pili, na wenzake wakamwita Gundi. Siku akiifanya kazi vizuri, hakuna aliyeonekana uwanjani, si yeye wala huyo nyota. Siku akiteleza mara moja, watu elfu hamsini walijua jina lake. Niliwahi kukaa nyuma ya bibi mmoja wa Korongo, mshabiki wetu kabisa, ana skafu ya kufuma mwenyewe, akamfokea mdogo wangu kipindi kizima: "Wewe Gundi, kile kitu chekundu kinaitwa mpira, umeshawahi kukiona?" Nikamgusa bega nikamwambia huyo ni mdogo wangu. Akanipa kipande cha keki yake, akageuka, akaendelea.

Alichomwa sindano za ganzi kifundoni, begani, kidoleni, ili aingie uwanjani. Jumatatu asubuhi alishuka ngazi kinyumenyume kwa sababu magoti yalikataa kwenda mbele. Meno mawili yalibaki kwenye kiwiko cha mtu, na msaidizi wa daktari aliyemsafisha kinywa, Marnie, ndiye akawa mke wake na wifi yangu. Rohan alisema hiyo ndiyo faida pekee aliyoipata kwa daktari yeyote. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka likaletwa toto la miaka kumi na nane lenye mapaja mazuri kuja kuchukua nafasi yake. Kila mwaka akalizidi kwa ubishi. Mimi nilikwenda kumtazama kila nilipoweza na nilijivunia mpaka aibu, siwezi kukataa.

Sasa nimlete Glenn Pascoe. Glenn alisajiliwa mwaka mmoja na Rohan na walipanga nyumba moja miaka mitatu ya mwanzo. Alikuwa fowadi, mrefu, mwenye nywele za kutunzwa, na wenzake walimwita Bwana Harusi kwa sababu alichana hata kabla ya mazoezi. Alikuwa mcheshi. Alikula kwetu Warrabin Krismasi mbili na mama alimpenda. Nasema haya kwa sababu nataka ijulikane kwamba hakuja kama adui.

Ikafika wiki ya mwisho ya msimu wa tisa. Korongo hawakuwa na chochote cha kugombea, na Glenn alikuwa ametangaza kwamba anastaafu. Yeye alikuwa na mechi tisini na tisa. Rohan naye tisini na tisa. Majeraha na kikosi cha pili vilikuwa vimewapunguzia hivyo hivyo wote wawili. Kikosi kwetu hutangazwa Alhamisi, na Alhamisi ile kocha, mzee Ferris, alimwita Rohan ofisini kwake. Rohan alinipigia simu muda huo huo, bado yuko kwenye maegesho, kwa hiyo maneno ninayoyaandika hapa ni yale yale niliyopewa yakiwa ya moto.

"Gundi," Ferris alisema, "imebaki nafasi moja. Umecheza vizuri kuliko yeye, nafasi ni yako. Sasa hivi namwita Bwana Harusi nimwambie kwamba ameshamaliza."

"Mpe yeye," Rohan akasema.

"Unasemaje?"

"Mpe Glenn. Yeye hana kesho. Mimi nina mkataba wa mwakani, mia yangu nitaipata wiki ya kwanza."

Ferris alimtazama sana. "Una uhakika? Maana mimi katika kazi hii sijaona kitu kinachoitwa mwakani."

"Nina uhakika, kocha."

Glenn alikuwa anasubiri kwenye korido. Rohan alipomwambia, jitu zima lenye nywele nzuri lilimkumbatia likalia mpaka likamlowesha shati. "Sitasahau, kaka," akasema. "Mpaka nakufa, sitasahau."

Nilimwambia Rohan kwenye simu kwamba akili zake zimebaki kwenye goti la mtu.

"Dada, ni mechi moja tu."

"Mechi si kipande cha keki ukate ugawe, Rohan. Umeipigania miaka tisa."

"Ndio maana ni yangu kuitoa," akasema. Alikuwa na furaha. Hiyo ndiyo inayonichoma, kwamba alikuwa na furaha kweli kweli. Kwenye mpira wetu mtu akisifiwa kwamba ni mwema kwa wenzake ameshapewa sifa zote, na mdogo wangu alilelewa kwa sifa hiyo tangu utotoni, akaimeza nzimanzima.

Jumamosi Glenn alifunga magoli mawili, na filimbi ya mwisho ilipolia akabebwa mabegani kutoka uwanjani, kama desturi ilivyo kwa anayestaafu. Rohan alikuwa amevaa suti, akateremka kutoka jukwaani akabeba mguu wa kulia. Kabla ya wiki kwisha jina la Glenn Pascoe lilikuwa limeandikwa kwa dhahabu kwenye kabati la kumi na moja.

Februari, kwenye mechi ya majaribio, kwenye uwanja mkavu wa mji ambao sitautaja kwa sababu nauchukia, goti la Rohan liligeuka upande ambao goti haliendi. Mechi za majaribio hazihesabiwi. Alikaa nje msimu mzima. Ferris naye akafukuzwa, na miaka michache baadaye moyo ukamsimama akifyeka bustani yake. Kocha mpya alimwita Rohan kwenye mgahawa, akamwagizia kahawa, akamtosa kabla kahawa haijafika. Hakubebwa na mtu. Alikwenda kuchukua viatu vyake akaviweka kwenye mfuko wa dukani, na mlinzi wa geti akamwuliza jina lake aandike.

Alirudi Warrabin na Marnie, akawa fundi wa kujenga uzio wa waya mashambani. Ungetegemea awachukie Korongo. Mimi niliwachukia kwa niaba yake na nikaifanya kazi hiyo kwa bidii. Lakini yeye alilipia uanachama kila mwaka, akavaa skafu ya kijani kila Jumamosi, akapiga kelele mbele ya televisheni mpaka mbwa akahamia kwangu. Akiona namba thelathini na nne inagusa mpira alisimama wima, hata namba hiyo iwe imevaliwa na nani. "Safi, thelathini na nne!" Mtoto wao Jed alizaliwa katika kelele hizo. Alivalishwa kijezi cha kijani kabla hajakatika kitovu vizuri, mgongoni kimeshonwa thelathini na nne.

Jed alikuwa mchezaji. Sisemi kwa kuwa ni shangazi yake. Alikuwa na ugandaji wa baba yake na juu ya hapo alikuwa na kuruka, na kuruka hakukutoka kwetu. Akiwa na miaka kumi na sita watu wenye kofia walianza kuonekana nyuma ya nguzo wakila pai, na Rohan akaanza kutembea vizuri ingawa goti halikuwa limepona.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Ligi yetu ina sheria ya baba na mwana: baba akiwa ameichezea klabu mechi za kutosha, klabu hiyo ina haki ya kumchukua mwanawe bila kugombania kwenye foleni. Rohan alipoigawa mechi yake, mechi za kutosha zilikuwa hamsini. Hakuna aliyepoteza kitu isipokuwa rangi ya dhahabu. Baadaye wakubwa wa ligi walikaa kwenye viti vyao vizuri wakaipandisha mpaka mia. Rohan alisoma habari hiyo gazetini Jed akiwa bado ananyonya, akasema, "Aa, wametunyima," akacheka, akafungua ukurasa wa hali ya hewa. Kwa miaka kumi na mitano hatukuizungumza tena. Sasa ilikuwa mlangoni.

Mtu wa Yarraside wa kutafuta vipaji, Theo Manolis, alikuja mwenyewe Warrabin. Alikaa jikoni kwa Marnie, akala keki vipande vitatu.

"Gundi, namtaka mwanao mpaka naumwa," akasema. "Lakini kwenye foleni zamu yetu iko mbali, wenzetu watambeba kabla hatujafika. Na kwa sheria umepungukiwa mechi moja."

"Najua nimepungukiwa ngapi," Rohan akasema.

"Kuna njia. Klabu inaweza kuiomba ligi imfikirie mtu. Wapo wazee pale klabu wanaosema ile mechi ya mwisho uliitoa wewe. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi kama aliyepewa atasimama aseme ilikuwa yako, klabu itapeleka ombi. Siahidi kitu. Ila Glenn yuko kwenye kamati ya klabu, na ligi wanamsikiliza. Akikaa kimya, kamati haitagusa."

Rohan alifurahi. "Glenn?" akasema. "Glenn hana neno."

Nilimwendesha mimi, kwa sababu goti lake halivumilii saa tano za gari. Glenn siku hizi anauza majumba, na lake ni la kioo kitupu, linaangalia bahari. Alitupokea kwa kukumbatia, akatutengenezea kahawa kwa mtambo unaonguruma kuliko trekta. Mwanawe Zane, kijana wa rika la Jed, alipita akitusalimia kwa adabu, ana nywele zile zile. Ukutani palikuwa na picha kubwa ya Glenn akibebwa mabegani, mikono juu. Aliyebeba mguu wa kulia amevaa suti.

Rohan alieleza shida yake taratibu, kofia mkononi. Glenn alisikiliza akikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari.

"Gundi, kaka, wewe ni ndugu yangu," akasema. "Nitakuombea kwa Theo, nitapiga simu, chochote. Lakini hilo la kusema mechi ilikuwa yako, mimi sikumbuki hivyo."

"Hukumbuki vipi?" Rohan akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alidhani mwenzake anahitaji kukumbushwa. "Pale koridoni. Nilitoka kwa Ferris, nikakwambia."

"Nakumbuka ulinipongeza. Ferris alinichagua. Alisema nimeistahili." Akageukia dirisha. "Hadithi hiyo nimeisimulia kwenye chakula cha klabu miaka ishirini. Nikatamke leo kwamba nilipewa kama sadaka? Na Zane anaingia kwa mechi hizo hizo?"

"Hakuna anayezifuta zako," Rohan akasema. "Nataka useme tu."

"Nitasemaje kitu nisichokikumbuka?"

Nikaona nikinyamaza nitapasuka. "Ferris keshakufa, kwa hiyo kumbukumbu imekuwa nyepesi. Si ndio, Bwana Harusi?"

"Lorelle, usinivunjie heshima nyumbani kwangu."

"Heshima gani, hiyo ya ukutani? Hebu tazama nani amebeba mguu wako. Mwulize kwa nini amevaa suti."

Glenn hakutazama. Rohan aliweka kikombe chini, polepole, kwenye kile kisahani chake. "Dada, twende," akasema. Mlangoni alimshukuru Glenn kwa kahawa. Alimshukuru, mimi nipo nasikia.

Tulikwenda mpaka maghala ya nafaka yakaanza kuonekana. Kisha Rohan akasema, "Labda kweli anakumbuka hivyo."

Nilisimamisha gari pembeni ya barabara. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, kuhusu Glenn, kuhusu klabu, na kuhusu yeye mwenyewe na wema wake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema ngano ya mwaka huu imekaa vizuri, nikawasha gari.

Kamati haikugusa, kama Theo alivyosema. Jioni ya uteuzi tulijaa sebuleni kwa Rohan, jirani hadi jirani, na Marnie amechoma soseji za kulisha kijiji. Zane Pascoe alichukuliwa na Korongo kwa haki ya baba yake, akapewa kofia ya kijani, Glenn akaonyeshwa akimkumbatia. Jed wetu alichukuliwa na klabu ya Perth, saa nne kwa ndege, Korongo wakiwa bado kwenye foleni. Sebule nzima ililipuka. Jed aliruka juu, mtoto wa watu, kwa sababu alikuwa amechaguliwa na hilo ndilo aliloliota. Akiwa bado hewani akamkumbuka baba yake, akashuka.

"Perth, mzee," akasema.

"Kule kuna joto," Rohan akajibu. "Linafaa magoti." Akamkumbatia. Kisha akatoka nje. Hakuna matangi kwake, kwa hiyo alikwenda kutazama waya.

Kumbe ratiba nayo ina ubaya wake. Mwaka uliofuata Jed aliitwa kikosi cha kwanza kwa mara ya kwanza dhidi ya Yarraside, kule Perth. Zane hakuwa amepata nafasi, na mpaka leo anahangaika kikosi cha pili. Kwetu anayecheza mechi ya kwanza hukabidhiwa jezi na mtu wa nyumbani, chumbani, mbele ya wenzake wote, na mtu huyo husema maneno mawili matatu. Tuliruka sisi watatu, Rohan, Marnie na mimi. Rohan alifanya mazoezi ya hotuba ndege nzima, midomo inacheza. Nilimkagua mifuko kabla hatujatoka hotelini nikamkuta na skafu ya kijani. Nikaitupa kabatini.

Alisimama mbele ya wale vijana wakubwa akishika jezi nyekundu kwa vidole viwili viwili, hajui aikunje au aifungue. "Jed," akasema. "Mimi nilidhani..." Akakwama. Vijana wakasubiri kwa heshima. "Hii ni yako. Ivae." Basi. Wakapiga makofi, Jed akaivaa, akambusu baba yake kichwani. Nilijua ile jezi aliyokuwa anaiona kwenye mikono yake haikuwa nyekundu.

Viti vya familia viko chini kabisa, nyuma ya nguzo. Jed alicheza vizuri. Alimganda mtu wake mpaka jamaa akalalamika kwa refa, na Marnie alilia tangu kipindi cha kwanza. Rohan alikaa mikono imebanwa katikati ya mapaja, anasema tu, "Vizuri, dogo. Vizuri." Nikaanza kuamini kwamba siku itapita salama.

Dakika ya mwisho Perth wako mbele kwa pointi tatu, na mpira unakuja juu upande wetu. Jed alikuwa chini yake. Nyuma yake alitokea kijana wa Korongo, mtoto wa Tasmania ambaye hatumjui hata kwa sura, akapanda mgongoni kwa Jed, goti kwenye bega, akaudaka huko juu kwa mikono miwili. Ulikuwa mdako mzuri, siwezi kusema uongo. Mgongoni amevaa thelathini na nne. Akarudi nyuma, akaupiga, ukapita katikati ya nguzo na kuja kuangukia safu ya tatu nyuma yetu. Goli kwetu ni pointi sita. Perth wamefungwa.

Uwanja ulinyamaza. Na katika ukimya huo mdogo wangu alikuwa amesimama wima, goti bovu na yote, mikono juu.

"Safi, thelathini na nne!"

Sauti ilitoka yote. Watu wenye skafu nyekundu waligeuka kututazama. Marnie alimvuta koti, na hapo ndipo Rohan alipojua kwamba amesimama. Jed alikuwa mbele yetu palepale, hatua chache, anajiinua kutoka kwenye majani. Alikuwa anamtazama baba yake.

Tulisubiri koridoni nje ya chumba cha kuvalia. Rohan alikuwa na rangi ya majivu. Jed alitoka amevaa fulana ya mazoezi, ana alama ya njumu begani, jezi iko mkononi.

"Nimekusikia, mzee," akasema.

"Jed, mwanangu, imenitoka tu. Sikuwa nakusema wewe."

"Najua."

"Ni mazoea. Mdomo umetangulia. Mimi nilikuwa nakutazama wewe muda wote, mwulize shangazi yako."

"Najua, baba. Umepiga kelele hiyo tangu nazaliwa. Nilikuwa nadhani unanipigia mimi."

Rohan alinyoosha mikono kuipokea ile jezi, maana jezi ya kwanza kwetu huwa anapewa aliyeikabidhi, akaiweke kwenye fremu nyumbani. Jed aliikunja vizuri, ina jasho na majani bado, akanyoosha mkono ukampita baba yake, akaniwekea mimi.

"Kaa nayo wewe, shangazi," akasema. Akarudi ndani kwa wenzake.

Iko kwangu, kwenye droo ya juu, sijaifua. Rohan huja Jumapili kunywa chai, na chai ikikaribia kwisha huomba aione. Namfungulia droo aitazame. Hajaomba kuishika, nami sijampa.